Kalamu Fupi ya Shaba: Miezi Minne Ghalani, Siku Tatu Mbele ya Kamera

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitembea na kalamu ya shaba ambayo ikifungwa ina urefu wa milimita 92, kiasi kwamba nikiifumbata ngumini huchungulia ncha zake mbili tu. Niliinunua Kariakoo, katika duka dogo la vifaa vya ofisi lililo nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, kwa shilingi 18,000 baada ya muuzaji kuanzia 25,000. Haina jina la kiwanda, haikuandikwa nchi ilikotengenezwa, na kiboksi chake kilikuwa cheupe tupu; kwa hiyo anayetaka kuitafuta itambidi aitambue kwa umbo: mwili wa shaba ya manjano kama ile ya vitasa vya milango ya zamani, kifuniko kinachofungwa kwa meno ya skrubu, na oringi moja, yaani pete ya mpira, nyeusi shingoni. Kazi yangu ni kupokea na kutoa mizigo katika ghala moja kandokando ya Barabara ya Nyerere, na kazi hiyo hunifanya niandike nikiwa nimesimama, mara nyingi juu ya ubao wa mkononi au ubavuni mwa katoni. Nalisema hili mapema kwa sababu hukumu nitakayoitoa hapa ni ya mtu anayejaza hati wima kutwa nzima, wala si ya mwandishi wa barua aliyetulia mezani.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kalamu za plastiki za shilingi 500, ambazo sina ugomvi nazo kwa uandishi wenyewe. Ugomvi wangu ulikuwa juu ya urefu. Kalamu ndefu ikikaa katika mfuko wa shati hudondoka kila ninapoinama kusoma namba ya katoni ya chini, na ikikaa katika mfuko wa suruali humchoma mtu pajani anapojibanza kwenye kiti cha daladala, au hukatika shingo ndani ya basi la mwendokasi saa za jioni, wakati ambapo hata nafasi ya kuinua mkono ujikune haipatikani. Shati langu la Idi lina doa la bluu ubavuni hadi leo, na mke wangu hajaacha kulitaja.

Kalamu fupi huondoa adha hiyo yote, lakini huja na deni lake: lazima irefuke wakati wa kuandika. Hii yangu hurefuka kwa kifuniko kutolewa na kupachikwa nyuma, na hapo hufikia milimita 128, urefu unaotosha mkono wa mtu mzima. Umbo hili si geni. Kampuni ya Fisher ya Marekani imekuwa ikitengeneza kalamu fupi iitwayo Bullet tangu mwaka 1948, yenye urefu wa takriban milimita 95 ikifungwa, na kalamu nyingi za mfukoni zinazouzwa leo hufuata wazo lilelile la kifuniko kinachogeuka kuwa mkia. Tofauti ni kwamba kifuniko cha Bullet huchomolewa kwa kuvutwa tu, ilhali cha kwangu huzungushwa. Nimehesabu mizunguko: ni miwili na nusu kufungua, kisha mingine miwili kukifunga nyuma ili kisicheze.

Msomaji anaweza kudhani kwamba mizunguko minne na nusu si jambo la kuandikiwa aya nzima. Basi na ajaribu kuifanya huku dereva wa lori la tani kumi amesimama mbele yake, injini inanguruma, na nyuma yake wapo madereva wengine watatu. Wiki ya kwanza kijana mmoja wa lori alinitazama nikizungusha, akanyamaza, kisha uvumilivu ukamshinda. "Mzee wangu," aliniambia, "hiyo ni peni au chupa ya dawa ya kikohozi?" Nilimjibu asubiri kidogo, mwanangu, haraka haraka haina baraka, lakini moyoni nilijua kwamba amesema kweli. Nilipima kwa saa ya simu: kuanzia kuitoa mfukoni hadi kugusa karatasi ni sekunde sita, wakati kalamu ya kubonyeza haifikishi hata mbili. Kwa anayeandika mara tatu kwa siku, sekunde hizo hazina uzito wowote. Kwa mwenye kazi kama yangu, hii ndiyo kasoro kubwa ya kwanza, na haina dawa isipokuwa mazoea.

Kuhusu uzito nilimwomba sonara wa mtaani kwetu aipime katika mizani yake ya dhahabu. Ilisoma gramu 43, naye akaniambia kwa utani kwamba lau ingekuwa dhahabu kweli, nisingekuwa nampitia tena kumsalimu. Gramu 43 ni nyingi. Mwanzoni uzito huo hupendeza, kwa kuwa kalamu hujikandamiza yenyewe juu ya karatasi na mkono hauna haja ya kusukuma. Lakini kifuniko kikishapachikwa nyuma, uzito huhamia mkiani, na baada ya hati kama ishirini hivi nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada huanza kulalamika. Nilijaribu kuandika bila kifuniko. Mwili pekee ni mfupi mno, na kisigino chake huchimba kiganja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uamuzi wote, nalo ni bomba la wino, au rifili kama wauzaji wengi wanavyoliita. Kalamu ya aina hii huandika kwa gololi ndogo sana iliyokaa kwenye ncha. Gololi ikizunguka juu ya karatasi, upande wake wa ndani hujipaka wino mzito kama uji na kuuleta nje. Ukubwa wa gololi ya bomba lililokuja na kalamu yangu ulikuwa milimita 0.7 kwa mujibu wa maandishi yaliyochapwa ubavuni, na kwa siku tatu za mwanzo iliandika kama inayosinzia: herufi ya kwanza haitoki, ya pili inatoka nusu, ya tatu ndiyo inakuja na wino wote uliochelewa. Jina la mteja anayeanzia na herufi "M" lilikuwa likisomeka kama linaanzia na "N". Katika hati ya mizigo hilo si jambo la kuchekea.

Nilirudi Kariakoo nikiwa nimejiandaa kugombana, nikakuta muuzaji ni muungwana kuliko nilivyotarajia. Alilichomoa bomba, akalilaza juu ya rula, akaniambia kwamba hilo ni la kipimo cha D1, yaani lenye urefu wa milimita 67 na unene wa milimita 2.35, na kwamba kipimo hicho hutumiwa katika kalamu nyingi ndogo na katika zile za rangi nyingi, kwa hiyo ninaweza kulibadilisha kwa lolote la kipimo hicho bila kujali nani amelitengeneza. Nilinunua mawili ya gololi ya milimita 1.0 kwa shilingi 1,500 kila moja. Tangu hapo kalamu imekuwa nyingine kabisa. Mstari hutoka palepale, mweusi, bila kukatika, na kalamu niliyokuwa nimeanza kuijutia nikaanza kuionea wivu ikiguswa na mtu mwingine. Kwa hiyo ninapoulizwa kama kalamu hii ni nzuri, hujibu kwamba mwili wake ni kishikio tu; ile shilingi 1,500 ndiyo inayoandika, na shilingi 18,000 ni za kukishika kile cha shilingi 1,500. Anayetaka kununua kalamu yoyote fupi na aulize kwanza kipimo cha bomba lake, na akikuta ni bomba la umbo la peke yake lisilopatikana mjini, airudishe kabatini hata kama inang'aa namna gani.

Kuna sababu nyingine ya mimi kung'ang'ania kalamu ya gololi wala nisiende kwenye zile za wino mwepesi wa jeli, ambazo vijana wa ofisini huzipenda. Hati zetu ni za karatasi tatu zinazojinakili: nyeupe ya mteja, ya waridi ya ghala, ya njano ya mhasibu. Mgongoni mwa karatasi ya juu kumepakwa vidonge vidogo mno vya kemikali ambavyo hupasuka vikikandamizwa, na kemikali hiyo ikikutana na ile iliyopakwa uso wa karatasi ya chini ndipo maandishi hujitokeza. Asiyekandamiza hapati nakala. Kalamu ya jeli hupenda mkono mwepesi, na hati ya njano hurudi kwa mhasibu ikiwa haina kitu. Hii ya shaba, kwa uzito wake uleule niliokuwa nikiulalamikia, hufikisha maandishi hadi karatasi ya tatu bila mimi kukaza misuli. Zaidi ya hayo, wino wa mafuta haukimbii maji. Masika ya mwaka huu mvua ilinikuta uwanjani na hati mkononi. Karatasi ililegea kama chapati iliyolowa mchuzi, lakini maandishi yote yalisomeka. Kilichonishangaza ni kwamba maandishi hayohayo yalifutika siku nyingine kwa tone moja la kitakasa mikono, kwa kuwa spiriti huyeyusha kile ambacho maji yameshindwa.

Kalamu hii pia haiandiki juu ya ukuta. Namaanisha kwamba ukiweka hati ubavuni mwa katoni zilizopangwa wima, na ncha ya kalamu ikawa imeelekea juu hata kidogo, baada ya mstari mmoja na nusu wino hukata. Si kosa lake peke yake. Kalamu zote za kawaida za gololi hutegemea wino ushuke kwa uzito wake, na ncha ikielekea juu gololi hubaki ikijizungusha kavu na kuvuta hewa. Dawa ya tatizo hilo ilipatikana zamani: mwaka 1965 Paul Fisher aliomba hataza ya kalamu ambayo bomba lake limefungwa pande zote na kujazwa gesi ya naitrojeni inayousukuma wino mbele, na mwaka 1968 kalamu hizo zilisafiri na wanaanga wa Apollo 7. Wapo wanaopenda kusimulia barazani kwamba Wamarekani walitumia mamilioni ya serikali kutengeneza kalamu ya angani wakati Warusi walitumia penseli tu. Ukweli ni kwamba Fisher aliitengeneza kwa fedha za kampuni yake mwenyewe, na Wasovieti nao walizinunua mwaka 1969. Hata hivyo, bomba la aina hiyo ni nene kuliko D1, haliingii katika mwili wa kalamu yangu, na kwa hiyo ninaendelea kuinamisha katoni.

Shaba ina tabia zake katika joto la Dar es Salaam. Kiganja kikitoka jasho, kalamu huacha harufu ile ya sarafu vidoleni, harufu ambayo sipendi kula nayo hata kama nimenawa mara moja. Mng'ao wake wa dukani ulikwisha ndani ya wiki mbili. Sasa imekuwa kahawia sehemu ninazoishika na njano sehemu nisizozishika, na mtu angeweza kuisoma kama ramani ya vidole vyangu. Mimi nimeupenda mwonekano huo. Asiyeupenda anaweza kuisugua kwa ndimu na majivu kama bibi zetu walivyosugua sinia. Haina kibanio, kwa hiyo juu ya meza iliyoinama hubingiria, na imeshaanguka sakafuni mara tano. Mara moja iliangukia ncha, na ni bahati kwamba ilikuwa imefungwa.

Nitaje na suala la kuazimana, kwa kuwa katika mji huu hakuna kalamu isiyoazimwa. Ukisimama kwenye foleni ya benki au dirisha la hospitali ukiwa na kalamu mkononi, baada ya dakika mbili utasikia "kaka, niazime peni mara moja," na hiyo mara moja ndiyo huwa ya mwisho. Baba yangu mdogo, aliyekuwa karani miaka mingi, alinifundisha hila ya kale: mpe mtu kalamu, baki na kifuniko, kwa maana hakuna aibu kama ya kutembea na kalamu ya mtu isiyo na kifuniko. Nilipojaribu hila hiyo kwa kalamu hii ilinigeuka. Bila kifuniko ni fupi mno, na mama mmoja niliyemwazima aliishika kama anayeshika kipande cha chaki kilichokwisha, akageuka na kuniomba, kwa adabu kubwa, nimpe "na kile kingine". Nilimpa. Alirudisha vyote viwili, Mungu ambariki, lakini tangu siku hiyo huwa nina kalamu ya shilingi 500 katika mfuko wa nyuma kwa ajili ya waazimaji.

Baada ya mwezi wa tatu niliamua kuifanyia tathmini kwa video, kwa kuwa nilikuwa nimetafuta tathmini kama hiyo kwa Kiswahili kabla ya kununua na sikuona ya kunifaa. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Jioni ya kwanza nilirekodi sebuleni chini ya balbu ya kisasa isiyokula umeme, na nilipotazama nikaona mistari ya giza ikipanda juu ya karatasi kama mawimbi. Sababu yake niliielewa baadaye: umeme wetu huenda mbele na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo balbu duni humeta mara 100, na kamera ya simu ikifumbua jicho lake kwa muda usiolingana na mmeto huo, hunasa nusu mwanga na nusu giza. Kwa wenye simu zinazoruhusu, kuweka muda huo kuwa sehemu moja ya 100 ya sekunde huiondoa mistari yote. Jioni ya pili mistari iliondoka, ila kamera ilikuwa ikihangaika kati ya vidole vyangu na ncha ya kalamu, ikinoa huku, ikififiza kule, hadi binti yangu aliye kidato cha pili, ambaye ndiye alikuwa mshika simu, akanionyesha kwamba ukibonyeza kioo bila kuachia, kamera hung'ang'ania hapohapo ulipoigusa.

Ni yeye pia aliyeharibu, au niseme aliyeokoa, kipande kikuu cha video yenyewe. Nilikuwa nimefika sehemu ya kuonyesha mstari wa kwanza. Kabla hajawasha, nikachorachora pembeni mwa gazeti.

"Baba, mbona unaandika kwanza kwenye gazeti?"

"Ili wino utoke vizuri."

"Sasa watu watajuaje kama kuna siku hautoki vizuri?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijasema neno la uongo hata moja, lakini kamera ingeonyesha kalamu inayoandika palepale, jambo ambalo si kweli ikiwa imelala usiku kucha. Video ni shahidi mwepesi sana kuhongwa: huonyesha mng'ao, huonyesha mkono mzuri wa mwandishi, na huficha uzito, harufu, na ile herufi ya kwanza iliyogoma. Tuliahirisha. Kalamu ililala mezani usiku mzima, na Jumamosi asubuhi, barazani, kwa mwanga wa jua la saa mbili ambao haukuhitaji balbu yoyote, niliifungua mbele ya kamera na kuandika moja kwa moja juu ya hati halisi ya karatasi tatu ambayo haikuwa imejazwa. Hata kwa bomba jipya, mkia wa herufi ya kwanza haukutoka. Herufi tatu zilizofuata zilikuwa kamili. Kipande hicho kimebaki kilivyo, pamoja na jogoo wa jirani anayewika katikati ya maelezo yangu kuhusu meno ya skrubu. Kwa kuwa uzito hauonekani kwa macho, niliweka mizani ya sonara mezani ili namba isomeke, kisha nikaiangusha kalamu juu ya meza kutoka urefu wa shubiri moja, kalamu ya plastiki nayo ikafuata, na tofauti ya milio hiyo miwili ilieleza kuliko nilivyoweza kueleza mimi kwa dakika tatu. Kipimo cha kufungua kwa sekunde sita nilikiacha kiende bila kukatwa, ingawa kinachosha kutazama. Kinachosha hata kwa mwenye kalamu.

Kwa bei niliyolipa, ningeinunua tena, kwa sharti la kuongeza shilingi 1,500 siku hiyohiyo na kulitupa bomba la mwanzo kabla ya kufika nyumbani. Mwalimu anayesahihisha madaftari mia kwa mkupuo haimfai, itamchosha mkono. Mhudumu wa wakala wa fedha za simu, ambaye huandika mstari mmoja katika daftari kila baada ya dakika chache, atazichukia zile sekunde sita. Ila fundi, dereva, mpima viwanja, au yeyote ambaye kalamu kwake ni kitu cha kukaa mfukoni kwa saa nyingi na kuandika kwa dakika chache, ataona raha ya kuisahau kabisa hadi itakapohitajika.

Mimi nimekwisha kuizoea. Siku hizi nikisikia lori linarudi nyuma getini huanza kuzungusha kifuniko nikiwa bado natembea, na dereva anaposhuka na karatasi zake mkononi, kalamu huwa imeshakuwa ndefu.